Kunenepesha ng'ombe wa nyama Mombasa na Pwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mfugaji mwenye ng'ombe wachache zizini, awe Kisauni, Likoni, Mtwapa au huko bara ya Mazeras, anayenunua dume aliyekonda mnadani na kumlisha miezi miwili mitatu kabla ya kumuuza. Mwenye ranchi ya maelfu ya ekari Taita Taveta ana hesabu nyingine.

Ng'ombe wangu anakula kutwa kucha na haongezeki. Shida ni nini?

Mara nyingi anakula cha kumweka hai tu. Ng'ombe hulisha mwili wake kwanza: moyo upige, joto la mwili litunzwe, miguu imbebe. Kinachobaki baada ya hapo ndicho kinachogeuka nyama. Dume wa kilo 250 anahitaji takriban kilo 4 za chakula kikavu cha ubora wa wastani kila siku ili asipungue wala asiongezeke. Ukimpa kilo 5, imebaki moja tu ya kunenepa. Ukimpa 7, zimebaki tatu. Umeongeza chakula kwa kilo mbili, na sehemu inayojenga nyama imekuwa mara tatu.

Hapo ndipo wengi wanapoumia. Mtu anabana matumizi, anatoa nusu ya chakula, anaona ameokoa pesa. Kumbe kila siku ng'ombe anakula ile kilo 4 ya kuishi, na siku zinahesabika: mlinzi analipwa, maji yananunuliwa, na dume yuko palepale. Kama huna chakula cha kushibisha ng'ombe kumi, nunua watano. Watano walioshiba watakulipa kuliko kumi wanaosukuma siku.

Sababu nyingine za kutoongezeka ni minyoo, kupe, maji machache, joto, au ng'ombe mwenyewe kuwa mzee. Tutazifikia.

Nitajuaje kama chakula kinanilipa?

Gawanya kilo za chakula kikavu alichokula kwa kilo alizoongeza. Tuseme kwa siku 30 dume amekula kilo 210 na ameongeza kilo 25. Hiyo ni 8.4, yaani kila kilo ya uzito imekugharimu kilo 8.4 za chakula. Kwa ng'ombe wa kwetu anayelishwa vizuri, kilo 7 hadi 10 ni hesabu ya kawaida. Ikipita 12, simama utafute kasoro.

Kisha ipeleke kwenye shilingi. Tuseme, kwa mfano tu, kilo ya mchanganyiko wako inasimama shilingi 25. Kwa 8.4, kilo moja ya uzito imekugharimu shilingi 210. Kama dume yuleyule angeongeza kilo 15 badala ya 25, hesabu ingekuwa 14, na kilo ingekugharimu shilingi 350. Chakula ni kilekile, bei ni ileile, ila katika hali ya pili huenda unamlipa mnunuzi akuchukulie ng'ombe.

Daftari la shilingi hamsini linatosha: tarehe, kilo zilizoingia horini, kilo zilizobaki, uzito kila baada ya wiki mbili. Bila hilo, kila mtu zizini atakwambia ng'ombe "amejaza", na wewe utaamini kwa sababu unataka kuamini.

Sina mizani. Nitampimaje?

Tumia futi ya fundi cherehani. Zungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, upate mzingo kwa sentimita. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio. Mzingo mara mzingo, mara urefu, gawanya kwa 10,838. Mzingo wa sentimita 150 na urefu wa 120 unakupa kama kilo 249.

Hesabu hii inaweza kukosea kwa kilo nyingi, hasa kwa ng'ombe wa nundu. Faida yake ni kuona mwelekeo. Apime mtu yuleyule, asubuhi kabla ya kulisha, ng'ombe akiwa amesimama sawasawa kwa miguu yote minne.

Nampa majani ya nepia mpaka anasaza. Hayatoshi?

Hayatoshi. Nepia mbichi ni maji zaidi ya robo tatu. Kilo 30 za nepia, mzigo wa kutosha wa mkokoteni mdogo, zina kama kilo 5 au 6 tu za chakula chenyewe, na nepia ikishakomaa ikapita kimo cha mtu, sehemu kubwa ya hicho ni mti. Tumbo linajaa kabla mwili haujapata haja yake. Ikate ikiwa chini ya kimo cha kiuno hadi kifua, ianike nusu siku inyauke, ikatekate vipande vifupi, halafu iwe ni sehemu ya chakula, si chakula chote.

Hesabu hiyo ya maji ndiyo ya kukumbuka unaponunua machicha ya bia pia. Ni chakula kizuri, lakini pipa zima ni maji kwa robo tatu au zaidi, na unalipia usafiri wake. Kwa joto letu huchacha kwa siku mbili tatu.

Ninunue ng'ombe wa aina gani?

Nunua mwili mkubwa uliokosa chakula, usinunue mwili mdogo ulionona. Dume wa miaka miwili hadi mitatu, mfupa mrefu, kifua kipana, mbavu zinahesabika lakini macho maangavu na pua yenye unyevu, huyo akishiba hufidia alichokosa wakati wa kiangazi, na wiki za mwanzo huongezeka kwa kasi kuliko mwenzake aliyekuwa mnene tangu zamani. Mfungue mdomo uone meno. Mnadani Mariakani hakuna atakayekushangaa. Ng'ombe aliyeota meno yote manane ya kudumu ya mbele ameshamaliza kukua, na sehemu kubwa ya chakula chako itaishia kwenye mafuta.

Aliyekonda kwa njaa si sawa na aliyekonda kwa maradhi. Mfunue kope la chini la jicho. Likiwa jeupe, damu yake imepungua, na sababu yaweza kuwa minyoo au nagana, ugonjwa wa damu unaoenezwa na mbung'o. Manyoya yaliyosimama, kikohozi, kuharisha, tezi zilizovimba chini ya sikio au mbele ya bega: mwache hapo hapo hata kama bei inakuchekea.

Kuhusu mbegu, Boran na chotara wa Sahiwal hulipa chakula vizuri. Boran wa Waorma kutoka Tana River ana sifa ya ziada: utafiti uliofanywa ranchi ya Galana ulionyesha anastahimili nagana kuliko Boran wa kawaida wa Kenya. Zebu mdogo wa kienyeji ni mvumilivu na bei yake ni nafuu, lakini usimdai kilo moja kwa siku.

Na jihadhari na ng'ombe aliyelelewa akizurura mjini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, lakini jaa bado lina kamba, nailoni na magunia, na vikishaingia kwenye tumbo kubwa havitoki. Tumbo linaonekana limejaa upande wa kushoto, ng'ombe anaonja chakula na kuondoka. Huyo hanenepi kwa lishe yoyote.

Ameshuka lori kutoka Garissa jana. Nianze na nini?

Maji na kivuli. Kisha nyasi kavu nzuri, bila pumba, bila molasi, bila mashudu. Safari ndefu humwondolea ng'ombe asilimia 5 hadi 10 ya uzito, nyingi ikiwa maji na kilichokuwa tumboni, naye huirudisha ndani ya siku chache. Kwa hiyo mpime baada ya siku ya nne au ya tano, sio siku ya kwanza. Vinginevyo utajisifia kilo 20 ambazo ni maji tu.

Wiki hiyo ndiyo ya kumwita daktari wa mifugo: dawa ya minyoo, kuogesha kwa ajili ya kupe, na chanjo kulingana na maradhi yaliyoko, kama ugonjwa wa miguu na midomo, kimeta, chambavu na mapele ngozi. Hakikisha pia alikuja na kibali cha kusafirishia mifugo. Mgeni atengwe na wenyeji angalau wiki mbili.

Chakula kizito kiingie polepole kwa siku 14 hadi 21. Anza na robo ya pumba na mashudu, robo tatu nyasi, ongeza kidogo kila siku tatu. Ndani ya tumbo kubwa mna vijidudu vinavyomeng'enya chakula. Vya nyasi na vya nafaka si vilevile, na vinahitaji muda kubadilishana. Ukiharakisha, asidi inapanda, ng'ombe anaacha kula, anaharisha, kwato zinauma, na akizidiwa anakufa. Nimeona watu wakiita hali hiyo jicho baya. Ni ndoo ya unga wa mahindi.

Nichanganye nini, na kwa kiasi gani?

Mfano wa kuanzia kwa dume wa kilo 250 aliyekwisha kuzoea, kilo 8 kwa siku ya vyakula kama vinavyotoka guniani (unyevu uliomo ukitolewa, ni kama kilo 7 za chakula kikavu): nyasi kavu zilizokatwakatwa kilo 2.4, pumba za mahindi kilo 2.9, mashudu ya nazi kilo 1.3, mashudu ya pamba gramu 650, molasi gramu 650, na gramu 160 za madini, chumvi na chokaa ya mifugo kwa pamoja. Protini inafika karibu asilimia 12, inayomtosha. Akiongezeka uzito ongeza na chakula: kwa kadiri, chakula kikavu asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wake.

Kila kitu hapo kinaweza kubadilishwa kwa bei. Pumba za ngano kutoka viwanda vya unga vya Mombasa zikishuka bei, chukua. Maganda ya muhogo yaliyoanikwa yakakauka kabisa huleta nguvu lakini protini yake ni ndogo mno, basi ongeza mashudu. Maganda mabichi ya muhogo mchungu yana sumu. Kuyaanika juani siku kadhaa huipunguza sana.

Chokaa isiachwe. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na dume anayelishwa hivyo kwa miezi hupata vijiwe kwenye njia ya mkojo. Ukimwona anajikamua, mkia unatikisika, mkojo unatoka matone, huo si wakati wa kusubiri kesho.

Kuhusu mashudu ya nazi, hii ndiyo bahati ya Pwani. Protini kama asilimia 20, ladha ng'ombe anaipenda, na mafuta yaliyobakia humpa nguvu. Mafuta hayohayo ndiyo hatari yake. Yakizidi kwenye chakula, vijidudu vinavyomeng'enya nyasi vinadhoofika, na mashudu yenyewe huvunda upesi kwenye ghala lenye unyevu. Bonyeza, nusa. Harufu ya nazi iliyokaangwa ni sawa. Harufu ya mafuta yaliyochina, au ukungu wa kijani, rudisha. Ukungu wa mashudu na mahindi huzaa sumu ya aflatoksini, inayoharibu ini na kuua hamu ya kula kabla hujaona dalili nyingine. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.

Na machicha ya nazi kutoka mikahawani na majumbani?

Yanafaa yakiwa ya leo. Mama anayekamua tui asubuhi akikuwekea ndoo, mlishe mchana huohuo, kilo moja mbili kwa ng'ombe. Ya jana mwachie kuku, ya juzi mwaga.

Urea ni salama?

Kwa mkono unaopima, ndiyo. Isizidi asilimia 1 ya chakula kikavu, yaani gramu 70 kwa dume wetu wa kilo 250, na kuanzia ni gramu 20 au 30. Ichanganywe na molasi na pumba mpaka isionekane chembe, isiwekwe kwenye maji ya kunywa kamwe, na asipewe ng'ombe mwenye njaa wala ndama. Aliyezidiwa hutetemeka, hutoka povu, tumbo hujaa, na anaweza kufa ndani ya saa chache.

Matumizi ninayoyapenda zaidi ni kulainisha mabua na nyasi ngumu: kilo 4 za urea kwenye maji lita 50 hadi 100, nyunyizia kilo 100 za mabua, shindilia, funika kwa turubai lisilopitisha hewa wiki tatu. Ukifungua, acha harufu kali ipungue kwanza ndipo ulishe.

Mavi ya kuku je?

Achana nayo. Mzoga mmoja wa kuku ukioza humo huzaa sumu inayoweza kuua zizi zima.

Joto la Mombasa linapunguza uzito kweli?

Linapunguza, hasa Januari hadi Machi. Kumeng'enya chakula kwenyewe kunazalisha joto, na joto hilo hufikia kilele saa kadhaa baada ya kula. Ukimlisha saa nne asubuhi, joto la tumbo na joto la jua vinakutana saa nane mchana. Ng'ombe anasimama anahema, na chakula cha jioni hakigusi.

Basi lisha saa kumi na moja alfajiri, na theluthi mbili za chakula zitoke jioni jua likishatua. Paa la makuti ni bora kuliko bati tupu. Zizi lisizibwe kuta. Upepo wa bahari ni wa bure. Ukitaka kujua amezidiwa, hesabu ubavu unavyopanda na kushuka kwa dakika moja. Ikipita 80, mwagia maji, mpe kivuli, usimkimbize kwa chanjo wala mizani siku hiyo.

Kisima changu kina maji ya chumvi. Kuna neno?

Maji yenye chumvi kidogo anaweza kuyazoea. Yakiwa makali kiasi kwamba wewe mwenyewe huwezi kumeza, atakunywa machache, na akinywa machache atakula machache. Peleka sampuli ipimwe. Chumvichumvi zilizoyeyuka zikiwa chini ya miligramu 3,000 kwa lita ni sawa, zikipita 5,000 tafuta maji mengine au changanya. Na kama maji yana chumvi, punguza chumvi ya kwenye chakula. Dume wa kilo 250 wakati wa joto hunywa lita 30 hadi 45, na tangi liwe kivulini.

Nitasomaje zizi kila asubuhi?

Kabla ya kumwaga chakula kipya, angalia hori. Likiwa limelambwa mpaka saruji inang'aa na ng'ombe wanakulalamikia, ongeza kidogo. Likiwa na mabaki machache yaliyotawanyika, umepatia. Chakula kikibaki rundo, jiulize kwanza: kimelowa? kimechacha? nani hakula? Mabaki yaliyochacha yaondolewe, yasifunikwe kwa mapya.

Halafu kinyesi. Kizuri hutua kama uji mzito, kinajikusanya duara chenye kishimo katikati. Cha majimaji, kijivu, chenye povu, ni dalili ya nafaka nyingi mno: rudisha nyasi leo hii. Kikiwa kigumu chenye mafungu, protini au maji yamepungua. Ukikuta punje nzima za mahindi, unalisha kuku wa jirani. Zisagwe kwa ukubwa wa chenga, isiwe unga laini.

Na mchana wakiwa wamelala, angalau nusu yao wawe wanacheua.

Nimhasi?

Dume asiyehasiwa hukua haraka zaidi na hutumia chakula vizuri zaidi. Maksai hutulia na huweka mafuta mapema. Kwa miezi mitatu zizini, kuhasi mnyama mkubwa ni kumrudisha nyuma wiki kadhaa. Wakipigana, tenganisha.

Nikae naye siku ngapi?

Wengi hufaidika kati ya siku 60 na 90. Aliyekonda sana huenda akafika 120. Kadiri siku zinavyokwenda, anachoongeza si nyama tena, ni mafuta, na kilo ya mafuta inakula chakula kingi kuliko kilo ya nyama, kwa sababu nyama ndani yake ni maji mengi. Wakati huohuo mwili umekuwa mkubwa, na ile kilo 4 ya kuishi sasa ni 5. Daftari litakuonyesha kilo za chakula kwa kila kilo anayoongeza: 7, kisha 8.5, kisha 11. Mabucha mengi ya mitaani hulipa kwa kilo, hayakulipi zaidi kwa sababu dume wako ameng'aa.

Kwa mkono, papasa shina la mkia, mbavu za mwisho na kidari. Mbavu zikifunikwa lakini bado unazihisi ukibonyeza, na shina la mkia limeanza kuwa laini, muda umefika. Kumweka zaidi ni mapenzi, na mapenzi yana gharama zake. Ila kama mnunuzi wako ni hoteli inayotaka mafuta na inayalipia, hapo ni mkataba mwingine.

Nalenga Idi ya kuchinja. Nipange vipi?

Hesabu siku 90 kurudi nyuma, ongeza wiki tatu za kuzoea. Idi husogea mapema kwa kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo msimu wa kununua nao unasogea: kuna miaka utaangukia kiangazi ng'ombe wakiwa rahisi, na miaka itaangukia mvua ambapo wafugaji hawauzi. Ng'ombe wa udhiya awe ametimiza miaka miwili, asiwe chongo, kiguru, mgonjwa wala aliyekonda mno. Mmoja hutosha watu saba, ndiyo maana wanunuzi huja kwa vikundi; wakaribishe waone wenyewe. Chunga macho na miguu wiki za mwisho kuliko unavyochunga kilo.

Kuna sindano au dawa ya kumnenepesha haraka?

Sindano za steroidi zinazouzwa kwa minong'ono humvimbisha kwa maji na kuzima kinga yake. Ulaya ilifunga mlango kwa nyama ya ng'ombe waliopewa homoni tangu 1989. Ukitaka soko la nje, au hata dhamiri safi na jirani yako anayekula nyama hiyo, usianze.

Monensini ni jambo tofauti. Huchanganywa na chakula kwa kipimo kidogo sana, nayo husaidia vijidudu vya tumboni kutoa nguvu zaidi kutoka chakula kilekile. Itumike kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Lakini kama uani una punda wa mkokoteni, fikiri mara mbili: kiasi kinachomfaa ng'ombe humuua punda, na punda hajui hori ni la nani.

Kila dawa, hata ya minyoo, ina siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Zimeandikwa kwenye chupa.

Niko Kwale karibu na Shimba Hills. Mbung'o watanisumbua?

Watakusumbua. Neti zilizotiwa dawa kuzunguka zizi, kuogesha kwa dawa inayoua mbung'o, na kupima damu ya anayepungua bila sababu. Lishe haishindani na nagana.

Niuze kwa uzito hai au kwa nyama?

Ukiwa na mizani, uzito hai ni rahisi na pesa ni papo hapo. Tume ya Nyama ya Kenya, yenye tawi Kibarani, hulipa kwa uzito wa nyama iliyoning'inizwa. Ng'ombe wetu wa nundu hutoa asilimia 48 hadi 52 ya uzito wake hai. Aliyeshiba kwa nafaka anaweza kufika 54. Kwa hiyo dume uliyemlisha vizuri ana faida usiyoiona kwenye mizani ya zizini, na dalali anayekukadiria kwa macho anaijua faida hiyo kukushinda.

Siku ya kumpeleka machinjioni?

Punguza chakula usiku wa kuamkia, maji yasikatwe. Safirisha alfajiri, sakafu ya lori iwe na mchanga au nyasi asiteleze, na mwenye fimbo abaki nyumbani: palipopigwa pana damu iliyovilia, na sehemu hiyo hukatwa na kutupwa kabla ya kupimwa.